Kioo cha Kushoto

Kilifika Tororo kimelala kwenye kitanda cha kabini,
nyuma ya kiti cha Wandera, kimeviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Inchi thelathini na nne.
Nyachwo akakipima kwa futi kamba yake ya kushonea,
akaipima na meza,
akanitazama.
"Hiki si kioo," akasema. "Ni benchi la kanisa."

Basi vitu vikahama.
Chupa ya chai ikaenda dirishani,
cherehani ikasogea mpaka ukutani, kwa masharti
ambayo sitayataja hapa.
Kioo cha zamani, kile cha mraba,
chenye alama ya kidole cha mjukuu isiyofutika,
nikampa fundi Oketcho, malipo ya kuanzia.

Oketcho ana miaka ishirini na miwili na haogopi waya.
Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi la kiangazi cha juzi na cha majuzi,
akatia kadi ya picha yenye feni tatu.
Ikanguruma kama Fuso linalotafuta gia.
"Mzee, kadi ya kwanza ingekufia hapa.
Kioo kipana kinakula."
Nikamwambia najua. Trela nayo hula.

Niliendesha miaka kumi na tisa,
Malaba hadi Katuna: saruji, chumvi, mafuta ya kupikia.
Siku hizi nyonga yangu ina chuma, nami naendesha hapa,
ndani ya mchezo, barabara za watu wenye theluji,
usukani wa plastiki umebanwa kwenye ukingo wa meza.
Watoto wa jirani hucheka: babu anapeleka jibini asiloonja
kwa watu wasiomjua,
tena anaheshimu taa nyekundu!

Kwenye kile cha mraba niliona mbele tu.
Ukitaka pembeni, ubonyeze kitufe,
dunia igeuke, na tumbo ligeuke nayo.
Mtu hawezi kuishi kwa kubonyeza.

Oketcho akawasha.
Kikafunguka, kimejikunja kidogo kama ungo:
mbele, dashibodi, kulia,
na kule mwisho, bila kubonyeza chochote,
kioo cha kushoto.
Kizima.

Sikusema kitu. Oketcho akadhani sijapenda rangi.

Cha kwetu kilikuwa na ufa, kimefungwa kwa mpira wa tairi.
Bosi alisema mwezi ujao.
Kwake kila mwezi ulikuwa ule ujao.
Kwa hiyo kushoto kwangu palikuwa pa Ekirapa,
utingo wangu, kijana wa Ngora,
mluzi mdomoni, kandambili za rangi mbili.
Makofi mawili kwenye bodi: njoo.
Moja: simama.

Naluwerere, usiku, mvua, narudi nyuma.
Nilisikia mawili.
Naapa nilisikia mawili.

Kwetu umeme hukatika saa mbili ukirudi unapotaka.
Jana haukukatika.
Nilikuwa nimefika mji ambao jina lake ni konsonanti tupu,
nikaanza kurudi nyuma kuelekea ghalani.
Kioo cha kushoto kilionyesha kila kitu:
ukuta, mstari wa njano,
taa ya nyuma ikimwaga wekundu wake juu ya maji.
Mtu hakuna.
Mchezo huu hauna utingo;
walioutengeneza walidhani vioo vinatosha.

Nikasimama hata hivyo, mguu kwenye breki,
mstari wa njano umetulia pale pale,
nafasi ya kutosha, ya kutosha na kubaki.
Kinywa kikasema chenyewe:
"Bado?"

Cherehani ikanyamaza.
Nyachwo hakuinua macho
kutoka kwenye sare ya shule ya mtoto wa mtu.
Akapiga meza kwa kiganja,
mara mbili,
taratibu.